Mlango wa kizazi unaotoka damu ukiguswa: kufuatilia dalili hadi kwenye chanzo

Mwanamke huanza kuliona tatizo hili kwenye khanga au kwenye shuka: tone la damu nyekundu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kujisafisha, ilhali siku zake zilikwisha wiki iliyopita. Mkunga huliona kwa namna nyingine. Anapoufikia mlango wa kizazi kwa mwanga na kuupangusa taratibu kwa pamba ili aondoe ute, pamba hurudi na wekundu, na pale ilipopita vitone vidogo vya damu huchomoza kimoja kimoja kama jasho kwenye paji la uso. Hali hiyo si ugonjwa unaojitegemea. Ni dalili, na nyuma yake panaweza kuwa na jambo dogo lisilohitaji hata kidonge kimoja, au maambukizi yanayotibika kwa wiki moja, au kichocho kilichokaa mwilini tangu utotoni, au saratani. Nimefanya ukunga katika vituo vya Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote ni dawa kutolewa, tena na tena, kwa ajili ya mlango wa kizazi ambao hakuna mtu aliyewahi kuutazama.

Ili mtu aelewe kwa nini sehemu hiyo hutoka damu kwa urahisi, na afikirie mdomo wake mwenyewe. Ngozi ya nje ya mdomo ina tabaka nyingi na huvumilia upepo, jua na chumvi, lakini utando wa ndani ya shavu ni mwororo na ukikwaruzwa na mfupa wa samaki hutoka damu papo hapo. Mlango wa kizazi nao una sehemu mbili za namna hiyo. Upande unaoelekea ukeni hufunikwa na utando mnene wa tabaka nyingi, na njia ya ndani inayoingia kwenye mfuko wa uzazi hufunikwa na safu moja tu ya chembe hai, huku mishipa midogo ya damu ikiwa chini yake kabisa. Chochote kinachouleta nje utando huo mwembamba, kinachouvimbisha, kinachoumomonyoa au kinachoota juu yake kitaufanya utoe damu kwa mguso mdogo.

Kwanza, hakikisha damu inatoka wapi

Kabla ya kuulaumu mlango wa kizazi, mwanamke afuatilie damu inakuja wakati gani. Damu inayofuata mguso, yaani baada ya tendo la ndoa, baada ya kipimo, au baada ya kuingiza kidole wakati wa kunawa, huelekeza kwenye mlango wa kizazi au kwenye kuta za uke. Damu inayokuja yenyewe, matone ya leo na kesho bila mpangilio, kwa mwanamke aliyechomwa sindano ya uzazi wa mpango au aliyewekewa kijiti, kwa kawaida hutoka ndani ya mfuko wa uzazi kwa sababu ya homoni, na hilo ni suala jingine la kuzungumza na mtoa huduma aliyempa njia hiyo. Damu inayoonekana mwishoni mwa kukojoa ni ya kwenye kibofu, na katika mikoa yetu kichocho ndicho cha kufikiriwa mapema. Iliyo juu ya kinyesi au kwenye karatasi ya kujipangusia inaweza kuwa ya bawasiri. Kuandika tarehe tatu au nne kwenye daftari, pamoja na kilichotangulia kila mara, humsaidia mhudumu kuliko maelezo marefu yanayotolewa kwa haraka kwenye foleni.

Mwanamke kijana, damu kidogo baada ya tendo, hakuna harufu wala maumivu

Kwa msichana aliyekwisha kupevuka, kwa mjamzito, na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, homoni ya estrojeni huweza kuufanya utando wa ndani ujitokeze nje na kuonekana kama duara jekundu kuzunguka tundu la mlango wa kizazi. Wengine huambiwa wana kidonda, neno ambalo huwatia hofu bila sababu, kwa maana hapo hakuna kilichochubuka. Ni utando wa kawaida uliohamia mahali usipozoea. Hali hii haileti saratani, na mara nyingi haihitaji tiba yoyote. Wala si lazima mtu aache vidonge vyake kwa ajili hiyo. Ikiwa damu au ute mwingi unamsumbua, daktari anaweza kuuchoma utando huo kwa baridi kali au kwa joto, lakini kwa sharti kwamba maambukizi yamechunguzwa na kipimo cha saratani kimefanyika kwanza. Kuchoma jambo ambalo halijapimwa ni kufunika moto kwa majani makavu.

Wakati mwingine kinachotoka damu ni kinyama kidogo chekundu kinachoning'inia kutoka kwenye tundu, laini, kilichoshikwa na kikonyo chembamba. Vinyama vingi vya namna hiyo si saratani, na kinyama hicho huondolewa kwa kukizungusha kwa koleo mpaka kikatike. Hata hivyo kipande chake kipelekwe maabara, na mwanamke aulize majibu yake.

Damu pamoja na uchafu wa njano, harufu, au maumivu ya tumbo la chini

Hapa maambukizi ndiyo yanayotangulia katika fikra. Kisonono na klamidia huingia kwenye ule utando mwembamba wa ndani na kuuvimbisha. Usaha hutoka kwenye tundu, na pamba ikigusa, damu hufuata. Klamidia ina hila yake: wanawake wengi walio nayo hawahisi kitu, na damu baada ya tendo huwa ndiyo taarifa pekee wanayoipata. Trikomona huleta uchafu wa kijani au njano wenye povu na harufu, na mara nyingine huacha vidoa vyekundu vilivyotapakaa juu ya mlango wa kizazi. Vipele vya malengelenge ya sehemu za siri navyo huweza kuumomonyoa utando huo.

Nataka kusema jambo kuhusu fangasi, kwa sababu neno hilo limekuwa jina la kila kinachowasumbua wanawake. Fangasi huwasha, huleta uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, na kuufanya uke kuwa mwekundu; kwa kawaida haiufanyi mlango wa kizazi utoe damu. Mwanamke anayenunua vidonge vya kuweka ukeni kwenye duka la dawa muhimu mwezi hadi mwezi, huku damu ikiendelea, anatibu ugonjwa ambao huenda hana.

Tiba ya maambukizi haya ipo na ni fupi. Doksisaiklini kwa siku 7 hutumika kwa klamidia, sindano ya seftriaksoni kwa kisonono, na metronidazo kwa trikomona. Mjamzito lazima aseme kwamba ni mjamzito kabla ya kupokea dawa, kwa kuwa doksisaiklini haimfai na yeye hupewa azithromaisini badala yake. Kinachoharibu tiba hii kwa kawaida ni kwamba mume ameachwa nyumbani. Wote wawili watibiwe, na wasikutane kimwili kwa siku 7, la sivyo mmoja humrudishia mwenzake kile alichotoka kukiponya. Kwa aliyekuwa na klamidia au kisonono, kipimo cha marudio baada ya miezi 3 kina maana. Kila anayepatikana na maambukizi ya namna hii apime pia VVU na kaswende siku hiyo hiyo.

Dawa zimemezwa mara mbili, mara tatu, na damu bado

Katika vituo vingi vya ngazi ya chini, magonjwa ya ngono hutibiwa kwa kufuata dalili bila kipimo cha maabara, na utaratibu huo umewasaidia wengi. Ubaya wake hujitokeza pale dalili inapofanana na ugonjwa wa ngono ilhali si huo. Kwa Lindi na Mtwara, sababu ninayoiogopa kusahauliwa ni kichocho cha sehemu za uzazi za mwanamke.

Kichocho cha mkojo tunakifahamu wote, na wengi tulikuwa tukidhani ni ugonjwa wa watoto wa shule wanaokojoa damu. Lakini ile minyoo, ambayo huishi kwa miaka ndani ya mishipa ya damu kuzunguka kibofu, haitagi mayai yanayofuata njia moja tu. Mengine hukwama kwenye mlango wa kizazi, kwenye kuta za uke, hata kwenye mirija ya uzazi. Mwili hujihami kwa kuyazingira, na palipozingirwa panavimba, mishipa mipya isiyo ya kawaida inaota, na utando wa juu unakuwa mwepesi wa kutoka damu. Kwa macho, chini ya mwanga mzuri, huonekana mabaka ya manjano yenye chembechembe, mithili ya mchanga laini ulionata kwenye ngozi iliyolowa. Mwanamke husikia mwasho, maumivu wakati wa tendo, uchafu, na damu ya mguso. Wengine hugundua tatizo wanapochelewa kupata mtoto au mimba inapotunga nje ya kizazi. Vidonda hivyo pia huongeza uwezekano wa kuambukizwa VVU.

Nakumbuka dada mmoja mkulima wa mpunga kutoka bonde la mto Lukuledi. Alikuja na kadi iliyojaa: dawa zile zile za magonjwa ya ngono zilikuwa zimeandikwa mara nne ndani ya mwaka mmoja na nusu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alitazamwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, mume wangu anasema nimeyaleta mimi haya. Mimi sina mambo hayo, wallahi." Nilimjibu, "Nakuamini, dada yangu. Panda kitandani tuangalie." Mabaka ya mchanga yalikuwa pale, upande wa chini wa mlango wa kizazi, dhahiri kabisa. Nilimwomba ruhusa nimwite mumewe aliyekuwa akisubiri chini ya mwembe, na nikamweleza mbele ya mkewe kwamba ugonjwa huu hupatikana majini, si kitandani, na kwamba hata binti asiyewahi kumjua mwanamume anaweza kuwa nao. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama na yeye anapaswa kumeza dawa, kwa kuwa shamba ni lao wote. Aliuliza vizuri.

Mzunguko wa ugonjwa ni huu: mayai hutoka na mkojo, huanguliwa kwenye maji yasiyo ya chumvi, huingia kwenye konokono wadogo wa majini, na kutoka humo viluwiluwi visivyoonekana kwa macho hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hasa jua likiwa kali. Maji ya bahari hayana konokono hao. Mama anayeokota chaza na kuwinda pweza maji yakitoka kule Mikindani au Kilwa hakipati kichocho huko. Anakipata kwenye bwawa, kwenye kijito, kwenye jaruba, kwenye kingo za Ruvuma na Lukuledi zenye majani, anapofua, anapopanda mpunga, anapochota maji.

Kipimo cha mkojo kifanyike, na mkojo ukusanywe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ambapo mayai huwa mengi. Lakini kutoonekana kwa mayai hakufuti kichocho cha sehemu za uzazi, kwa sababu yaliyokwama kwenye nyama hayatoki tena na mkojo. Historia ya maji aliyokulia mtu ina uzito wake. Tiba ni prazikwanteli, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, ambapo mwanamke wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, ikiwezekana akiwa ameshakula. Dawa huua minyoo iliyokomaa na haiui ile michanga, hivyo huenda ikahitajika kurudiwa. Ni lazima niseme ukweli kwamba mabaka ya zamani hayaondoki haraka, na mengine hubaki. Ndiyo maana binti akitibiwa mapema anaokolewa na mengi. Kampeni za dawa mashuleni huwafikia wanafunzi, na mwanamke aliyeacha shule miaka kumi iliyopita lakini bado yumo jarubani kila masika hupitwa nazo. Yeye aiombe dawa hiyo kituoni, hata akiwa ananyonyesha.

Kuna kitu kiliwekwa ukeni

Swali hili huulizwa faraghani na kwa heshima, maana linagusa mafundisho ambayo mwanamke aliyapokea kwa watu anaowaheshimu. Wapo wanaotumia shabu, majani yaliyotwangwa, ugoro, sabuni ya unga au dawa ya kusafishia jeraha ili kujikausha au kujibana. Vitu hivi huunguza utando, huua vijidudu rafiki vinavyoulinda uke, na kuufanya mlango wa kizazi uwe mbichi kama ngozi iliyobabuka. Uke hujisafisha wenyewe. Kwa sehemu ya nje, maji safi yanatosha. Kwa aliyeungua namna hii, kuacha kabisa na kupumzika na tendo kwa muda ndiyo tiba kubwa, huku akichunguzwa maambukizi. Nawaomba makungwi wetu, ambao wali wa unyago hauliwi bila wao kusema neno, walifikishe hili kwa mabinti kwa sababu wao husikilizwa kuliko sisi.

Damu kwa mjamzito

Mlango wa kizazi wa mjamzito una damu nyingi na ni mwepesi kutoka tone moja mawili baada ya tendo. Lakini nyumbani hakuna awezaye kutofautisha tone hilo na mimba inayotishia kutoka au kondo la nyuma lililotangulia, yaani lililokaa juu ya mlango wa kizazi. Kila damu katika ujauzito ni safari ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo, na mtu yeyote asiingize kidole kupima mpaka ijulikane kondo limekaa wapi.

Damu baada ya ukomo wa hedhi

Estrojeni ikipungua, utando wa uke na mlango wa kizazi huwa mwembamba, mkavu, na hutoka damu kwa urahisi. Ipo krimu ya homoni ya kupaka ukeni inayosaidia sana. Hata hivyo bibi aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone moja, achunguzwe saratani ya mlango wa kizazi na ya mfuko wa uzazi kabla ya mtu yeyote kusema ni uzee. Kwa umri huo kipimo cha siki, nitakachokieleza hapa chini, hakifai, kwa kuwa sehemu inayopaswa kutazamwa huwa imerudi ndani. Kinachofaa ni kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, au sampuli ya chembe hai.

Pale chanzo kinapoweza kuwa saratani

Damu ya mguso isiyokoma, uchafu wa majimaji wenye harufu ya kuoza, maumivu ya mgongo au nyonga, mguu mmoja kuvimba, au mkojo kupita kwa shida ni mambo ya kwenda hospitali bila kungoja malipo ya korosho. Saratani hii husababishwa na virusi vya HPV vinavyokaa mwilini kwa miaka, na aina mbili, ya 16 na ya 18, huhusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari iliyo kubwa mara sita hivi kuliko asiye na VVU, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25 ilhali wengine huanza wakiwa na miaka 30.

Kipimo cha siki ni chepesi kuliko kinavyovumishwa. Mwanamke hulala chali na kukunja magoti, kifaa kiitwacho spekulamu hufungua uke, na mhudumu hulowesha mlango wa kizazi kwa siki ya asilimia 3 hadi 5. Kisha husubiri dakika moja. Mahali palipo na mabadiliko ya awali huwa peupe, weupe uliokolea wenye mipaka, kama ukoko wa wali pembezoni mwa sufuria. Mabadiliko hayo si saratani bado, na mengi hutibiwa kwa joto linaloguswa hapo kwa muda usiofika dakika moja, mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu yake. Ikiwa kinachoonekana ni uvimbe, kidonda kinachomeguka au damu inayotiririka, hapo hakichomwi kitu: kinakatwa kipande kwa ajili ya maabara, na rufaa inaandikwa kwenda hospitali za Sokoine, Ligula, Ndanda, Nyangao au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Waliohitaji mionzi kutoka kwetu wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa mabinti, chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

Siku ya kupimwa, na siku zinazofuata

Chagua siku ambayo huna hedhi, na kwa siku mbili kabla usikutane na mume, usijisafishe ndani, wala usiweke dawa ukeni. Damu ikiwa nyingi kiasi cha kulowesha pedi nzima kwa saa moja, au ukisikia kizunguzungu, usingoje siku yoyote. Ukifika, sema maneno haya: "Naomba mlango wangu wa kizazi utazamwe kwa spekulamu." Ni haki yako pia kuomba mhudumu mwanamke, na kuomba akueleze anachokiona kabla hajaandika dawa.

Ukichomwa kwa joto au kwa baridi, tarajia majimaji kwa wiki kadhaa, na usikutane kimwili kwa wiki 4. Homa, harufu mbaya au damu nyingi vikurudishe mapema. Kipimo hurudiwa baada ya miezi 12. Ukitibiwa kichocho, omba tarehe ya kutazamwa tena iandikwe kwenye kadi pamoja na mchoro mdogo wa duara unaoonyesha mabaka yalikuwa upande gani, ili atakayekutazama mara ya pili, hata kama ni mwingine, ajue aanzie wapi.